Mvua Iliyobaki Ndani

Jumapili ya kwanza ya Aprili niliandika:
"Gurudumu limefungwa. Saa nne na robo. Mvua."
Ya pili niliandika: "Limefungwa. Mvua."
Ya tatu sikuandika kitu. Kalamu ilikuwa imelowa
na daftari lenyewe nimejifunika kichwani
nikikimbilia swichi kuu.

Wanasema dalili ya mvua ni mawingu.
Aliyesema hayo hajawahi kuishi Moshi,
ambako mawingu hulala hapahapa juu ya mapaa ya Pasua
na mlima tunauamini tu, bila kuuona.
Dalili yangu mimi ni mota.
Huanza kuguna kabla ya tone la kwanza,
kama goti la mama mkwe,
na fundi Anaeli akiisikia
huweka chini kikombe chake, hasemi neno,
anakwenda kutafuta turubai.

Tunavyo vile vikombe vinavyozunguka:
maji huvijaza, tunavifuta, vinaendelea.
Tunayo treni ya watoto yenye pua ya tembo:
hiyo hupita hata kwenye dimbwi, haina kiburi.
Lakini gurudumu, mita kumi na nane, viti kumi na viwili,
lililonunuliwa likiwa limeshatumika, na kitabu chake
kimeandikwa kwa herufi asizozijua mtu mjini,
hilo linaogopa maji kuliko paka.
Mkanda hulowa ukateleza. Breki huchelewa kushika,
nusu mzunguko hivi. Nusu mzunguko
ni tofauti ya kushuka na kuning'inia.
Na radi ikipiga upande wa Machame,
chuma kirefu kuliko vyote eneo hili
ni chetu.

Jumapili ya nne kulikucha jua.
Jua la dhati, hata Kibo ikatoka,
nyeupe kama mgeni anayetoka kuoga.
Nakunda akawa wa kwanza getini.
Ana miaka tisa, amekuja kwa miguu kutoka Kiboriloni
na noti ile ile ya elfu mbili ya Jumapili zote tatu,
imekunjwa mara nne, imelainika kama leso.
Akatazama juu. Gurudumu limesimama.
"Leo mvua iko wapi?"
Hakuuliza kwa ufidhuli. Aliuliza kama karani
anayedai risiti.

Nikamwambia mvua haiishi inapoacha kunyesha.
Hutoka angani ikahamia kwenye boksi la nyaya,
ikakaa nyuma ya kila nati, ikala taratibu,
mpangaji asiyelipa kodi wala hana haraka.
Hakuniamini.
Anaeli akafungua kifuniko cha bati mbele yake
na maji yakamwagika, kikombe kizima,
maji ya juzi, mekundu kama chai ya rangi.
Nakunda akachutama, akayatazama
mpaka mchanga ulipoyanywa yote.

Tukakausha kwa vitambaa, kwa feni,
kwa mashine ya kukaushia nywele
tuliyoazima saluni kwa Bi Aikande.
Saa tisa Anaeli akapakia mifuko ya mchanga,
miwili kila kiti, uzito wa mtu na mwenzake.
Ndiyo desturi yetu: mchanga hupanda kwanza.
Mzunguko wa kwanza, mkanda ukalia.
Wa pili, ukalia kidogo.
Wa tatu, tukasikia ndege.

Watu wakasimama nje ya uzio wakicheka,
mifuko ishirini na minne inapaa polepole
kwenda kuutazama mlima, bila tiketi.
Nakunda hakucheka. Alihesabu kwa vidole.
Wa nne. Wa tano. Kisha akanigeukia
akaniwekea noti kiganjani, ya moto bado
kwa jinsi alivyoifumbata,
na hapohapo upepo ukageuka,
ukaja na harufu ya udongo wa mbali uliolowa.

Anaeli akatega sikio kwenye mota.
Mimi nikafungua daftari, nikaandika saa,
mbele yake nikaacha nafasi.